Kwako unayeanza kazi ya inzi: pengo halikuambii jeni ilikuwa wapi

Mdogo wangu, kwanza zoea jikoni. Chakula cha inzi wa matunda ni uji tu: unga wa mahindi, sukari, hamira, na aga ya kuugandisha. Ukiwa majimaji, inzi wananasa na kufa, na kazi ya wiki mbili imekwenda.

Pili, joto. Kwenye nyuzi 25 yai huchukua siku kama 10 kuwa inzi kamili. Kwenye nyuzi 18 ni karibu mara mbili. Niliwahi kusahau chupa zangu mezani wikiendi nzima, Jumatatu nikapasua mabuu nikidhani wamefika umri niliotaka. Nikaandika kwamba jeni niliyokuwa nikiichunguza inachelewesha jicho. Kumbe ni baridi ya chumba!

Saa zinahesabika kwa sababu jicho halijengwi kwa mkupuo. Ndani ya buu mkubwa, mfereji mdogo hutambaa kutoka nyuma kwenda mbele ya tishu ya jicho, na unakopita seli hujipanga makundi makundi. Kila kundi litakuwa kijicho kimoja kati ya mia saba na ushei, chenye seli 8 za neva za kupokea mwanga, ziitwazo R1 hadi R8. R8 hutangulia, ikiitwa na jeni ya atonal. R7, inayoona miali ya urujuanimno, huja mwisho.

Majina ya jeni yatakuchanganya, maana jeni hupewa jina la hasara inayoonekana ikiharibika. White (“nyeupe”), aliyoielezea mwanajenetiki Thomas Hunt Morgan mwaka 1910, ikiwa nzima jicho huwa jekundu. Kadhalika sevenless (“bila saba”): ikiharibika, seli iliyopaswa kuwa R7 huishia kutengeneza lenzi.

Hapa ndipo wageni wengi huteleza, nami nilikuwemo. Kuna jeni nyingine, boss, kifupi cha Kiingereza bride of sevenless, "bibi harusi wa sevenless" (watu wa inzi wana utani wao). Ikiharibika, R7 hukosekana vilevile. Ukitazama jicho tu, utaapa jeni hizi mbili zinafanya kazi seli moja. La. Sevenless ni kipokezi juu ya seli inayosubiri kuwa R7. Boss ni ujumbe unaotolewa na R8 iliyo jirani. Mmoja anabisha hodi, mwingine anafungua.

Utajuaje? Tengeneza jicho la viraka, ukitumia white kama alama: seli yenye jeni nzima unayoichunguza iwe na rangi, iliyoipoteza isiwe nayo. Kisha kata vipande vyembamba na uhesabu kijicho kimoja kimoja, mamia, si kumi. Kwa boss utakuta R7 zisizo na rangi zimestawi vizuri, mradi R8 jirani ina rangi. Kwa sevenless hukuti kitu hicho: kila R7 iliyopo ina rangi yake yenyewe, R8 iwe nayo au isiwe.