Mke Wangu Anarudi Usiku Kila Siku, Nimwachishe Kazi?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kibaha, nina mke na watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita tulihama chumba na sebule tulichopanga Sinza, kwa sababu mwenye nyumba alidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nami nikajenga nyumba yangu Picha ya Ndege. Mke wangu ni karani katika kampuni ya bima Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Tangu tuhamie huku amebadilika. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, na siku moja ya mvua alirudi saa sita akidai kwamba Jangwani palifungwa. Akifika anakula chakula alichowekewa na mama yangu, ambaye amemdekeza kupita kiasi, kisha analala bila mazungumzo. Mimi nikitoka shuleni saa tisa alasiri ninakaa peke yangu barazani mpaka giza linaingia. Mshahara wake wote unaishia kwenye nauli. Rafiki yangu alimwona saa kumi na mbili jioni ndani ya basi la mwendokasi lililokuwa likielekea Kivukoni, ilhali nyumbani ni upande wa Kimara, na Kivukoni ndiko kwenye pantoni ya Kigamboni. Sasa anaomba awe analala kwa dada yake, Magomeni, siku mbili kwa wiki wakati wa masika. Nimekataa. Nimemwambia aache kazi mara tu makato ya mkopo wa mabati yatakapokwisha mwakani, afungue genge hapa nyumbani. Mama naye amenigeuka. Je, ninakosea?

Mume Mpweke, Kibaha

Marahaba, mwanangu. Pole kwa upweke, kwa maana ndoa ambayo mwenzio humwoni ila usiku akiwa amechoka inaumiza, na sitakudharau kwa kulisema jambo hilo. Lakini barua yako nimeisoma na kuirudia, na kila nilipoirudia nilizidi kumwelewa mkeo, ambaye hajaniandikia hata neno moja.

Nianze na hilo la Kivukoni, kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Mtu anayefanya kazi Posta na kukaa njia ya Morogoro, akisimama kituo cha Posta ya Zamani saa kumi na mbili jioni, huyaona mabasi ya Kimara yakifika yakiwa yamekwisha kujaa tangu Kivukoni, ambako ndiko yanakoanzia safari. Milango inafunguka, wanaoingia ni wawili au watatu waliojibana kwa nguvu, na waliobaki wanalisubiri jingine litakalofika vilevile. Kwa hiyo abiria mzoefu anageuza: anapanda basi linalokwenda Kivukoni, upande usio wa kwao, ili apate kiti, au ashuke huko na kupanga foleni mwanzo wa safari. Wafanyakazi wa mjini wanalifanya jambo hili kila jioni, wake kwa waume. Rafiki yako alimwona mwanamke aliyechoka akitafuta mahali pa kukaa, akakuletea habari ya pantoni na Kigamboni. Huyo rafiki mpunguzie nafasi nyumbani kwako. Halafu jiulize ni kwa nini uliliamini neno lake kabla ya kumuuliza mkeo, maana katika barua yote hukuandika popote kwamba ulimuuliza.

Habari ya Jangwani nayo haina siri. Mto Msimbazi ukifurika, barabara ile hufungwa, redio hutangaza, na mabasi ya mwendokasi hukatisha safari. Jambo hili linajulikana tangu usafiri huo uanze mwaka 2016, na hata kabla yake. Mwanamke aliyekwama upande wa mjini usiku wa mvua, akatafuta njia ya kuzunguka, akabadili magari gizani na kufika kwake saa sita, alistahili kufunguliwa mlango na kupewa maji ya moto ya kuoga. Umetumia neno "akidai", nami nimeliona.

Sasa tuzungumze fedha. Umesema mshahara wake wote unaishia kwenye nauli, kisha mwishoni ukataja makato ya mkopo wa mabati yatakayokwisha mwakani, ambayo lazima yakwishe kabla hajaacha kazi. Kama mkopo ungekuwa umekatwa kwenye mshahara wako wa ualimu, kuacha kwake kazi kusingehitaji kuusubiri. Mkopo ni wake, mwanangu. Mwanamke huyo ameezeka nyumba unayoiita "yangu", na mpango wako ni kwamba akimaliza kulipia paa ndipo umtoe kazini akauze nyanya mbele ya nyumba. Sitaki kuamini kwamba uliupanga kwa ubaya, lakini mimi nimeusoma hivyo, na mama yako ameuona hivyo, na bila shaka mkeo anauona hivyo akiwa amesimama ndani ya basi. Ujue pia kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kuamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ikiwa mwanamke wa jikoni anahesabiwa, huyu aliyenunua mabati utamwekaje kando?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ninyi mnaokaa pembezoni mwa jiji mnalithibitisha neno hilo kila siku. Kutoka kwenu hadi Posta ni kilomita 40 hivi. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, na ninashukuru, lakini upana wa lami haujarudisha saa za mkeo. Anaamka saa kumi, wewe unaamka jua likichomoza na kutembea kwa miguu hadi shuleni. Mlipokuwa Sinza mliugawana umbali, hata kama hamkuwa na dari. Mlipohamia Kibaha wewe ulipata nyumba na kazi pamoja, yeye akapata nyumba na safari. Faida na gharama za uamuzi mmoja zimeangukia watu wawili tofauti, na aliyepata faida ndiye aliyeandika barua ya malalamiko.

Hapa nitapanua maneno kidogo, maana hauko peke yako. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, na ofisi na biashara nyingi bado zimelundikana Posta na Kariakoo, huku familia changa zikisogea Chanika, Chamazi, Bunju, Kigamboni na huko kwenu, kwa sababu kiwanja kinapatikana na kodi ya mjini inachosha. Sina ugomvi na kujenga, kwani kuwa na kwako ni heshima. Ugomvi wangu ni kwamba wanandoa wa siku hizi wanakaa usiku kucha kujadili rangi ya vigae na aina ya geti, lakini hawajadili nani atakuwa barabarani saa nane kwa siku, nani atapika, nani atakagua madaftari ya watoto, na lini watazungumza wakiwa macho. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukifungua nyumba nyingi za huko pembezoni jioni utakuta watoto na bibi, na mzazi mmoja akimlaumu mwenziwe ambaye bado yuko foleni.

Basi sikiliza ninavyokuelekeza. Hilo la kuacha kazi lifute, na umwambie kwa kinywa chako kwamba umelifuta. Kuanzia saa tisa hadi saa tatu usiku una saa sita za kukaa barazani, nazo zinatosha kabisa kupika wali na maharage, kuwaogesha watoto na kuwasimamia masomo. Wewe ni mwalimu, kazi hiyo hakuna wa kukufundisha. Usiku, badala ya kumsubiri ndani umenuna, nenda kituoni Picha ya Ndege umpokee, umbebee mkoba, mrudi pamoja kwa miguu. Njia hiyo ndiyo itakayowapa mazungumzo unayoyalilia, kwa sababu akishafika kitandani mwili wake hauna deni na wewe.

Kuhusu Magomeni, mruhusu. Kwa dada wa tumbo moja si gesti, na wakati wa masika hatalazimika kuvuka barabara yote hiyo gizani. Kama moyo wako ni mzito, nenda ukamsalimie shemeji yako na mumewe, mkubaliane siku, ili ionekane ni mpango wa familia na si mke aliyekimbia kwake. Na kama mtaona hata hivyo haiwezekani, pigeni hesabu ya kupangisha nyumba ya Kibaha na kurudi karibu na mjini kwa miaka michache, zamu hii wewe ndiye usafiri kwenda kazini. Jioni utakayolizungumza hilo ndiyo utakayojua umekuwa ukimwomba mwenzio nini.

Mama yako hajakugeuka. Anamwekea mkwewe chakula kwa sababu ndiye mtu mzima aliyebaki macho kuona anaingia katika hali gani, nami ninampa heko mwanamke huyo kwa kusimama upande wa haki dhidi ya mtoto wake mwenyewe. Mwombe radhi kwa neno "amemdekeza".

Jambo la mwisho hukuliuliza, ila ninalisema. Hukutaja karatasi za kiwanja zimeandikwa jina la nani. Kama ni lako peke yako, chagueni siku ambayo mkeo ana ruhusa, nendeni wote wawili ofisi ya ardhi ya halmashauri mkaulize utaratibu wa kuingiza jina lake, na msiisubiri mwakani mkopo uishe.