Maswali ya Wasomaji: Chai Katikati ya Kriketi

Swali: Ndugu Mhariri, vilabu vya kriketi vya ridhaa vilianzia wapi, na kwa nini mechi husimamishwa ili watu wanywe chai? Msomaji, Gangilonga, Iringa.

Jibu: Vilabu vya awali vilistawi kusini mwa Uingereza, na kile cha kijiji cha Hambledon kilisifika sana katika karne ya 18, kabla ya klabu ya Marylebone (MCC) kuanzishwa London mwaka 1787 na kuwa mlinzi wa sheria za mchezo. Kwa kuwa mechi huchukua saa nyingi, wenyeji huwaandalia wageni chai, na wapinzani hukaa meza moja, desturi ambayo kwa maoni yangu ndiyo roho ya mchezo wa ridhaa. Watanzania nao walikuwamo katika timu ya Afrika Mashariki iliyocheza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume, mwaka 1975.