Kabla hujasaini, uliza mshipa utatolewa wapi

Juzi msomaji aliniandikia. Baba yake mwenye kisukari amepangiwa baipasi ya moyo mwezi ujao, yaani upasuaji wa kuunga mshipa uliotolewa sehemu nyingine ya mwili ili damu ipite kando ya palipoziba. Wajiandae vipi? Kauliza gharama, damu, chakula cha mgonjwa. Mshipa hakuuliza. Nami mwaka 2012, nilipofanyiwa baipasi, sikuuliza, na mpaka leo inaniuma.

Nilisaini fomu tu. Nilipozinduka nikakuta mshono kifuani, na mwingine kutoka kifundo cha mguu hadi juu ya goti. Muuguzi ndiye aliyenieleza kwamba mishipa miwili kati ya mitatu imetolewa mguuni.

Miaka tisa nilikuwa mzima. Kisha kifua kikaanza kubana nikipanda ngazi. Daktari akanionyesha kwenye skrini: dawa ya kuonyesha mishipa ilipita kwenye ule wa kifuani bila kukwama, hadi karibu na ncha ya moyo. Wa kwanza wa mguuni ulibaki kisiki, dawa imegota. Wa pili umekonda kama uzi.

Vena ya mguu, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, imezoea msukumo mdogo wa damu. Ikiungwa moyoni inapigwa na msukumo wa ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, usiku na mchana, kuta zinanenepa, mafuta yanajijenga. Ikifika miaka 10, karibu nusu huwa zimeziba au zimeharibika. Ateri ya kifuani ya kushoto, ikiungwa kwenye mshipa mkubwa wa mbele ya moyo, tisa kati ya kumi huwa bado wazi.

Nami nina kosa langu. Vidonge vya kushusha lehemu (kolesteroli) niliviacha mwaka wa tatu kwa sababu nilijisikia vizuri. Jamani, msiache! Aspirini na vidonge hivyo ndivyo vinavyoilinda mishipa ya mguuni.

Kwa hiyo ulizeni, ndugu zangu. Ulizeni hata mkionekana wasumbufu. Ateri ya mkono nayo ipo: mwaka 2018 watafiti walijumlisha majaribio sita yenye wagonjwa 1,036, wakakuta waliowekewa ya mkono walipata mshtuko wa moyo na kurudiwa matibabu mara chache kuliko wa vena ya mguu. Kutumia ateri zote mbili za kifuani ni suala jingine. Mfupa wa kidari hupungukiwa damu, na kwa mwenye kisukari kidonda huweza kugoma kupona.

Kwa hiyo dada, kwa baba yako, muulize daktari kuhusu ateri ya mkono wa kushoto. Na mkumbushe kipimo cha mishipa ya moyo kilipitishwa kifundo cha mkono upi, maana ateri iliyokwisha kupitishwa mpira haifai tena kuungwa.