Bwana yangu na mali ya mamba muntu

SWALI: Yaya, jambo sana. Bwana yangu anauza vipuri vya magari, anavitoa mpakani Kasumbalesa. Mwezi wa nne alikesha usiku nne mfululizo, hachoki, anasema mbio mpaka mate yanaruka. Siku moja akanunua Fuso mbili, moja haina injini. Kanisani akatoa dola 3,000, pasta akamsimamisha mbele, wote wakaita "Patron!" Sasa ni wiki ya sita amelala, haogi, bukari (ugali) anaigusa tu. Pasta huyo huyo anasema mamba muntu, yule mwanamke-samaki wa majini, aliyempa mali, amekuja kudai chake. Daktari alisema ni ugonjwa wa bipolar, akamwandikia litiamu. Mama mkwe ananiambia: "Sema ni tension ya damu. Ukitaja kichwa, nani atamkopesha?" Mdogo wake anayesukuma mkokoteni alipatwa na hayo hayo zamani, yeye walimfunga kamba. Nifiche? Na litiamu si ile ya migodi ya Manono, ya kutengeneza betri?
Mama wa wanne, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama wa wanne, Fuso isiyo na injini imenichekesha, unisamehe. Halafu nikakumbuka mjomba wangu, aliyenunua mabati 200 hali hana kiwanja, nikaacha kucheka.

Mamba muntu tumekua tukimtazama ukutani kwenye sebule za watu, na nywele zake ndefu na nyoka wake. Lakini bwana yako alikuwa na duka lake kabla ya zile usiku nne. Kukesha bila kuchoka, kusema mbio, kumwaga pesa: huo ndio ugonjwa ukipanda. Hiki kitanda ndio ugonjwa ukishuka. Ulipopanda kanisa lilipokea dola zake, wala sikusikia pasta akiuliza zimetoka kwa nani.

Na ugonjwa huu hupenda kutembea katika ukoo mmoja. Kwa hiyo mdogo wake wa mkokoteni huenda ana kitu kile kile. Tajiri anapewa "tension", maskini anapewa kamba. Mpelekeni naye kwa daktari, hata kama mama mkwe atanuna.

Ndiyo, litiamu ni ile ile iliyo katika mawe ya Manono, ila ya hospitali ni chumvi iliyosafishwa na kupimwa. Daktari John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 jinsi ilivyotuliza wagonjwa waliopandwa. Si dawa ya kumeza kwa kukisia: damu ipimwe mara kwa mara, figo na tezi ya shingo pia. Joto la mwezi wa kumi likifika anywe maji ya kutosha, na asiache chumvi ya chakula ghafla. Maumivu ya mgongo asiyatulize kwa ibuprofeni au diklofenaki bila kumuuliza daktari, maana zinapandisha litiamu mwilini. Akitetemeka sana, akihara, akiyumba kama mlevi, hospitali siku ile ile. Na akipona asiitupe kwa kuwa amepona. Ikiachwa ghafla ugonjwa hurudi mbio. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake, mpeleke usiku huo huo.

Kuficha? Soko zima halina haja ya kujua. Anayemletea mali Kasumbalesa mwambie anaumwa, anatibiwa, basi. Lakini watu wawili wajue kila kitu: wewe, na yule anayeshika daftari la duka. Akipata nafuu, kaeni naye aandike kwa mkono wake kwamba akianza kulala masaa matatu na kuamka akiimba, funguo na namba ya siri ya pesa za simu zinabaki kwako, na manunuzi yote makubwa yanangoja wiki mbili. Aandike yeye, si wewe wala kaka zake. Mwanaume wa Katuba akinyang'anywa simu bila mapatano, utajuta.

Ile Fuso isiyo na injini shemeji zako watataka kuiuza sasa hivi, kwa bei ya chuma. Kataa. Iacheni uani mpaka atakapoamka, aitazame mwenyewe.