Tela la kulala kwenye joto la pwani: tatizo si unene wa povu

SWALI: Mhandisi, nakusalimu. Mimi ni mkazi wa Lindi mjini na nina tela dogo la magurudumu mawili, lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, ambalo kwa miaka kadhaa limenisaidia kubeba saruji na magunia ya korosho. Sasa nataka kuligeuza liwe chumba cha kulala mimi, mke wangu na mtoto wetu, tunapokwenda Kilwa Masoko au Msimbati katika likizo ya Desemba. Fundi niliyeelewana naye anapendekeza sanduku la bati lenye kimo cha mita 1.2, lililozibwa vizuri, libandikwe ndani karatasi inayong'aa na povu jeupe, kisha plaiwudi, liwe na dirisha moja dogo na feni ya maji ya kupoza hewa. Naomba kujua povu liwe na unene gani, na kama betri moja ya ampea-saa 100 itatosha.

JIBU: Ndugu yangu wa Lindi, sitakutajia unene wa povu, kwa sababu namba yoyote nitakayoitoa itakufanya uamini kwamba sanduku hilo lina kasoro ndogo inayoweza kuondolewa kwa kuongeza sentimita mbili tatu. Kila mwaka kaskazi inapoanza kuvuma na watu wakaanza kupanga safari, swali kama lako hunifikia hapa Mtwara, na karibu kila mara huja na imani ile ile kwamba chumba kidogo hupoa kikizibwa. Imani hiyo ni sahihi mahali penye kiyoyozi kinachofanya kazi usiku kucha, na ni sahihi katika nchi za baridi, ambako matela ya kulala hutengenezwa ili yahifadhi joto la waliomo. Kwetu, ambako lengo ni joto litoke, kuiga sanduku hilo ni kosa la msingi. Povu halitengenezi baridi. Linachelewesha joto tu, na hulichelewesha pande zote mbili, linaloingia na linalotoka.

Joto la tela lako lina vyanzo viwili, nao ni jua la mchana na miili yenu usiku. Nianze na jua. Lindi na Mtwara ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini katika wiki ya tatu ya Oktoba na tena katika wiki ya tatu ya Februari, na katika miezi iliyo katikati halitoki mbali na utosi saa sita mchana. Maana yake ni kwamba katika msimu wote unaotaka kusafiri, sehemu inayopigwa na jua kali si ubavu wa tela bali ni paa. Mita moja ya mraba iliyoelekea jua la wazi la adhuhuri hupokea karibu wati 1,000, na paa lako lina karibu mita za mraba 2.9, yaani ni kama kuweka pasi za umeme karibu tatu juu ya vichwa vyenu na kuziacha zikiwaka. Yeyote anayeanza kukuzungumzia kuta kabla hajamaliza habari ya paa anakupotezea fedha.

Hapa ndipo ninapofika kwenye karatasi inayong'aa, ambayo imewagharimu wasomaji wangu kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Karatasi hiyo si uongo. Uso wa alumini safi hutoa sehemu ndogo sana ya joto la mnururisho, yaani lile linalosafiri kama miali bila vitu kugusana, na hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo linaloufikia. Lakini mnururisho husafiri katika nafasi. Ukiibana karatasi kati ya bati na povu, au ukiigandisha kwa gundi moja kwa moja kwenye bati, hakuna tena nafasi ya mnururisho kusafiri, joto linapita kwa kugusana, na alumini ni miongoni mwa vitu vinavyopitisha joto kwa urahisi kabisa. Kwa namna hiyo karatasi inakuwa pambo lililofichwa ndani ya ukuta. Ili ifanye kazi inahitaji mwanya wa hewa wa sentimita 2 au zaidi mbele ya uso wake unaong'aa, na ni bora uso huo utazame chini, kwa sababu ukitazama juu utapata vumbi, na vumbi likiufunika unapoteza sifa yake. Maelezo haya ni mafupi na hayahitaji chombo cha gharama kuyathibitisha, lakini bado naona mafundi wakiuza kazi ya karatasi iliyobanwa kana kwamba ni dawa.

Tela moja la namna hiyo lililetwa kwangu baada ya msimu mmoja tu wa mvua. Mwenyewe alilalamika kwamba halikaliki mchana na linanuka. Tulipofungua dari tulikuta povu limesinyaa lilipogusana na bati lililopakwa rangi nyeusi, plaiwudi imekuwa nyeusi kwa ukungu, na karatasi ikiwa nzima kabisa bila kumsaidia mtu yeyote. Povu jeupe la kawaida huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 80, na bati jeusi juani halikai mbali na kiwango hicho. Povu hilo pia hushika moto upesi na kutoa moshi mzito wenye sumu, jambo ambalo fundi anayepitisha nyaya za umeme ndani yake bila bomba wala fyuzi anapaswa kulitafakari sana.

Dawa ya jua ni paa la pili. Land Rover za zamani zilizotumika sana katika nchi za joto zilikuwa na toleo lenye paa la ziada la bati lililoinuliwa juu ya paa la kwanza, na waliolibuni walijua walichokuwa wakikifanya: paa la juu hupokea jua na kupata moto, upepo unaopita katikati huondoa joto, na paa la chini hukaa kivulini siku nzima. Kwa tela lako, weka bati jembamba la alumini juu ya vipande vya mabomba ya mraba, uache mwanya wa sentimita 8 hadi 10 ulio wazi pande zote, na ulitokeze sentimita 20 hivi kila upande ili lizitie kuta kivuli na kuzuia mvua. Lifunge kwa boliti nyingi, kwa sababu upepo wa barabarani hulinyanyua, na upande wa mbele uweke ukingo ulioinamishwa ili upepo wa mwendo usiingie chini yake kwa nguvu. Lipake rangi nyeupe juu. Wengi hudhani kwamba bati jipya linalong'aa hukaa bila moto kuliko jeupe, lakini ukweli ni kinyume chake: bati tupu hurudisha kiasi fulani cha jua, ila lile joto linalolipokea hulitoa kwa shida, wakati rangi nyeupe hurudisha jua kwa wingi na kulitoa joto kwa urahisi. Karatasi yako, ikiwa umekwisha kuinunua, ibandike chini ya paa hilo la juu, itazame mwanya. Hapo itafanya kazi.

Sasa njoo usiku, ambao fundi wako hakuutaja hata kidogo. Jua limekwisha kuzama, na joto linalobaki ni lenu. Watu wazima wawili na mtoto waliolala hutoa kwa pamoja karibu wati 200, na kadiri povu lilivyo nene na tundu zilivyo chache, ndivyo joto hilo linavyokosa pa kutokea. Hii ndiyo sababu nilikataa kukupa unene, kwa kuwa katika sanduku lililozibwa povu nene hufanya usiku uwe mbaya zaidi. Zaidi ya joto kuna mvuke wa pumzi na jasho, ambao ukikutana na bati lililopoa alfajiri hugeuka maji na kudondokea godoro. Tena kuna jambo zito kuliko hayo yote. Sanduku lako lina ujazo wa takribani mita za ujazo 3.5, na mtu aliyelala hutoa lita 12 hivi za hewa ukaa kwa saa, kwa hiyo ninyi watatu mnaweza kuongeza karibu asilimia 1 ya hewa hiyo kila saa inayopita. Kichwa huuma na pumzi huenda mbio muda mrefu kabla ya asubuhi. Hakuna sanduku lisilovuja kabisa, lakini fundi anayejivunia kwamba lake halivuji hastahili kukabidhiwa usingizi wa mtoto.

Kwa hiyo dirisha moja dogo halifai. Kata kila ubavu mrefu, uweke mlango wa kunyanyuliwa wenye bawaba juu, wa urefu wa mita 2 na kimo cha nusu mita. Ukifunguliwa unakuwa pia kibaraza cha kuzuia mvua, ambazo kwetu huanza kushika katika Desemba hiyo hiyo. Ziba uwazi huo kwa wavu wa mbu, kwa maana malaria haipumziki pwani yetu, na ukumbuke kwamba wavu hupunguza upepo kwa karibu nusu, ndiyo maana nataka uwazi uwe mkubwa kuliko unavyodhani inahitajika. Juu kabisa ya kuta fupi, chini ya paa la pili, acha mstari wazi wa sentimita 10 wenye wavu na kifuniko cha kutelezesha cha kufunga mnaposafiri kwenye vumbi. Mkifika ufukweni, egesha tela ubavu wake ukikingama upepo. Mchana upepo utatoka baharini, na usiku mara nyingi hugeuka ukatoka bara, ule ambao wavuvi huuita umande, na kwa sababu mna uwazi pande zote mbili hamtalazimika kulihamisha.

Kuhusu feni ya maji, nakuomba uhifadhi fedha zako. Chombo hicho hupoza kwa kugeuza maji kuwa mvuke, na hewa ambayo tayari imejaa mvuke haipokei mwingine. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 35, kama mtu anayoweza kuikuta Dodoma mchana wa kiangazi, inaweza kushushwa hadi kukaribia nyuzi 20 kwa njia hiyo, na huko chombo hicho ni cha maana. Hewa ya usiku wa pwani yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85 haiwezi kushuka zaidi ya nyuzi 2 hivi hata chombo kikiwa kamili, na unachopata kwa malipo hayo ni hewa nzito inayozuia jasho kukauka. Anayekiuza Lindi kwa sifa alizozisikia Dodoma ama hajui kinavyofanya kazi au anajua na ananyamaza, na sioni lipi kati ya hayo mawili ni jema kwa mnunuzi. Ndoo ya barafu mbele ya feni nayo haina faida ya kutajwa, kwa kuwa kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufuta joto la mtu mmoja aliyelala kwa muda wa saa moja na kidogo tu.

Nunua feni mbili za kawaida za volti 12, kila moja isizidi wati 10. Hewa inayopita juu ya ngozi kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde humfanya mtu ajisikie kana kwamba joto limepungua kwa nyuzi 2 hadi 3. Betri yako ya ampea-saa 100, ikiwa ni ya risasi na asidi, usiitumie zaidi ya nusu, yaani kama wati-saa 600. Feni zote mbili kwa saa 10 zitakula wati-saa 200, kwa hiyo inatosha, na paneli ya sola ya wati 100 itazirudisha kesho yake jua likiwa zuri. Kiyoyozi kidogo cha nyumbani kinachokula wati 800 kingeimaliza nusu hiyo katika muda usiofika saa moja.

Uzito niutaje kwa ufupi. Bati la chuma la milimita 1 lina karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba, hivyo kuta na paa peke yake zingekaribia kilo 90, zote zikiwa juu ya ekseli, na tela lenye uzito mwingi juu huyumba. Tumia fremu ya chuma yenye alumini au plaiwudi nyembamba iliyopakwa rangi ya mafuta, na upange mizigo ili kama asilimia 10 ya uzito wote uegemee sehemu ya kuungia kwenye gari. Ukirudi kutoka Msimbati, osha chasisi na springi kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, maana chumvi haisubiri.

Kwa wasomaji wengine wanaonuia kazi kama hii nasema wazi: usikubali maelezo ya fundi asiyeweza kukuonyesha kwa kidole mahali hewa inapoingia na inapotokea. Usiingize jiko la mkaa ndani ya tela kwa sababu yoyote, hata kwa kuchemshia uji asubuhi ya mvua huku milango ikiwa wazi, wala usiweke jenereta karibu na uwazi wake, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina harufu na aliyelala haipati dalili yake. Usiegeshe chini ya mnazi. Kivuli cha mwembe kinatosha.

Nawe, ndugu yangu, kabla hujamlipa fundi sehemu ya mwisho ya fedha zake, liweke tela juani tangu asubuhi likiwa wazi pande zote, na saa 8 mchana ingia uweke kiganja kwenye dari, kisha kwenye ukuta ulio kivulini. Ikiwa dari ina moto kuliko ukuta huo, mwanya wa paa ni mdogo au umezibwa mahali fulani, na kazi irudi karakana kabla godoro halijaingia.