Pole mia mbili grupuni, makaburini watu saba

Pole sana ndugu yangu. Umesema grupu la mtaa wenu hapo Mikindani lina watu zaidi ya mia mbili, kwenye msiba wenu pole zikajaa ila waliokuja kuchimba kaburi ni watu saba tu. Sasa nikuulize bila kukuudhi, we mwenyewe mara ya mwisho kushika jembe kwa mwenzio lini? Mi nilikuwa hivohivo, fundi wa kutuma vile vikono vya pole vya kwenye simu, mpaka mzee mmoja akanambia mwanangu simu haibebi jeneza, aibu niloona siku ile! Usilalamike grupuni, watakujibu "kweli kabisa" basi. Msiba ukitokea tena, mpigie mmojammoja aje, tena mapema, maana korosho zikianza kudondoka watu wote shamba, na mwenzio akifiwa rambirambi usitume kwa simu, peleka mwenyewe ukae jamvini hata nusu saa.