Sheria ya Jumuiya ikigongana na sheria ya nchi: ufungue kesi nyumbani au Arusha?

Swali lililoulizwa: mfanyabiashara amekadiriwa ushuru kwa kanuni ya nchi yake inayokwenda kinyume na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Je, jaji wa nyumbani anaweza kuiweka kando kanuni hiyo, au ni lazima kesi iende Arusha, kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki?

Jaji wa nyumbani anaweza, na mara nyingi ndiye wa kumwendea kwanza. Ibara ya 8(4) ya Mkataba ulioanzisha Jumuiya inavipa vyombo na sheria za Jumuiya nguvu juu ya vile vya nchi vinavyofanana navyo, katika mambo ya utekelezaji wa Mkataba. Lakini mawakili wengi huishika ibara hiyo peke yake, wakaikariri mbele ya hakimu kana kwamba imemaliza kazi. Hakimu atauliza kitu kimoja: sheria hiyo imeingiaje kwenye sheria za nchi hii? Tanzania na Uganda, Mkataba uliingia kwa sheria ya Bunge. Kenya ina sheria ya Bunge pia, na juu yake Ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010 inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi. Taja mlango huo kwenye hati ya madai yenyewe. Ukiuacha hadi majumuisho, yaani hoja za kufunga kesi, upande wa pili utasema hoja haikudaiwa, na watakuwa sahihi.

Kwa ushuru una silaha kali zaidi ya Mkataba: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004. Hii inatumika moja kwa moja, na kifungu cha 253 kinasema inatangulia sheria za nchi wanachama katika mambo inayoyahusu. Basi usianze na nadharia ya mikataba, anza na kifungu hicho. Halafu hesabu siku. Kifungu cha 229 kinakupa siku 30 tangu uamuzi kumwomba Kamishna wa Forodha aupitie upya. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi na kwa sababu, na akinyamaza ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Ndiyo maana nakala yenye mhuri wa kupokelewa ina thamani kuliko kurasa kumi za hoja. Akikukatalia, kifungu cha 230 kinakupa siku 45 kukata rufaa kwenye baraza la rufani za kodi, na Kamishna apewe nakala. Anayeruka hatua ya Kamishna na kwenda moja kwa moja Mahakama Kuu hukutana na pingamizi la awali, na shauri hufutwa kabla mtu yeyote hajaigusa ile kanuni inayolalamikiwa.

Sasa Arusha. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria au kitendo cha nchi kinachokiuka Mkataba, na hakuna sharti la kumaliza kwanza ngazi za nyumbani. Tatizo ni miezi miwili, kuanzia siku sheria ilipotungwa au kutangazwa, au kitendo kilipofanyika; yasipokuwapo hayo, kuanzia siku ulipojua. Kitengo cha Rufaa cha Mahakama hiyo ya Arusha, katika hukumu ya 2012 ya shauri dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Kenya kuhusu ukatili wa Mlima Elgon, kilikataa hoja kwamba ukiukaji unaoendelea unasogeza muda huo. Kesi ya nyumbani haiusimamishi pia. Kwa hiyo uamuzi wa kwenda Arusha hufanywa mwanzoni kabisa, hata kama unaendelea na Kamishna.

Kuna njia ya tatu ambayo naona inaachwa bila sababu ya msingi: Ibara ya 34. Mahakama ya nyumbani ikiona haiwezi kuamua bila tafsiri ya Mkataba, inaiomba Mahakama ya Arusha uamuzi wa awali. Mahakama Kuu ya Uganda ilifanya hivyo katika shauri la Kyahurwenda, na jibu la 2015 likaweka mpaka: kuutafsiri Mkataba ni kazi ya Arusha, kuutumia kwenye kesi ni kazi ya jaji wa nyumbani. Anayepeleka swali ni mahakama, wewe unaomba tu, hivyo mwandalie jaji kila kitu: ukweli usiobishaniwa kwa ufupi, msimamo wa kila upande, na swali moja au mawili.

Uandishi wa swali ndipo maombi mengi huharibika. Usiulize “je, kanuni ya nchi ni batili?” Hilo linaivuta Arusha kuihukumu sheria ya nchi ndani ya kesi isiyo yake. Uliza “je, ibara fulani inazuia nchi mwanachama kutoza ada ya namna hii?” Jibu likirudi, jaji wako analitumia, na Ibara ya 33(2) inalipa nguvu juu ya maamuzi ya mahakama za nchi kuhusu jambo hilo.

Usiufanye mgogoro kuwa Mkataba dhidi ya Katiba ya nchi. Jaji aliyeapa kuilinda Katiba hataiweka chini, na Ibara ya 8(4) haisemi lolote kuhusu Katiba. Mwonyeshe namna ya kuisoma kanuni ipatane na sheria ya Jumuiya. Lugha ya kanuni isipokubali kabisa, hapo ndipo umwombe aiweke kando.

Na ukishinda fedha Arusha, hukumu haijitekelezi: Ibara ya 44 inakurudisha kwenye taratibu za madai za nchi unakotaka kulipwa, kwa hiyo weka tayari wakili wa huko.